Kabla hujamnunulia mtoto tangi la matumbawe, pima kwanza joto la sebule yako

Ni Jumamosi ya Februari, saa nane mchana, jijini Dar es Salaam. Umeme umekatika tangu saa tano asubuhi. Feni la darini limesimama, madirisha yote yako wazi na hakuna hata upepo wa kutikisa pazia.

Mtoto wa darasa la tatu anasogelea tangi la kioo lililopo sebuleni, kisha anamwita mama yake. Samaki wote wamepanda juu, wanafungua na kufunga midomo haraka haraka. Tumbawe ambalo asubuhi lilikuwa limechanua kama ua limejikunja.

Mama anadhani wana njaa. Anawaongezea chakula. Jioni umeme unaporudi, samaki wawili wamekufa na maji yameanza kuwa na ukungu. Mtoto analia, na mama hajui alikosea wapi.

Jambo kama hili linaweza kuikuta familia yoyote yenye tangi la maji ya bahari katika miji yenye joto kama Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa. Mama huyu hakukosa upendo wala hakuwanyima samaki chakula. Tatizo lilikuwa joto la maji, na chakula alichoongeza kilizidisha mambo.

Watoto wengi huyatamani matangi haya kwa sababu ya yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe waliyemwona katika filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Jamaa zake wanaishi katika matumbawe ya pwani yetu. Lakini kumfuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe ndani ya nyumba ni kazi ya kila siku, na nusu ya kazi hiyo ni kusimamia joto.

Nyuzi mbili si jambo dogo

Kila mzazi anajua maana ya kipimajoto kusoma 39 badala ya 37. Ni nyuzi mbili tu, lakini usiku huo hakuna anayelala. Kwa samaki hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hawezi kutoa jasho wala kuhamia kivulini. Joto la maji ndilo joto la mwili wake.

Maji yanapopata joto, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mwili wa samaki hufanya kazi kwa kasi zaidi, hivyo huhitaji oksijeni nyingi. Wakati huo huo, maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Mahitaji yanaongezeka huku akiba ikipungua. Ndiyo maana samaki hupanda juu na kuhema.

Ukimpa chakula wakati huo, mwili wake unatumia oksijeni zaidi kukisaga. Kinachobaki kinaoza, na kuoza nako kunamaliza oksijeni.

Matumbawe nayo yana shida yake. Wengi huyaona kama mawe au mimea, lakini tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, humgawia mwenyeji wake, na humpa sehemu kubwa ya rangi yake.

Joto likizidi, ushirikiano huo huvunjika. Tumbawe huutoa mwani wake na kubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka. Tumbawe lililopauka bado liko hai, lakini limepoteza mpishi wake. Joto lisiposhuka mapema, hufa.

Baharini, maji yakizidi kwa nyuzi moja tu kile kiwango cha juu kilichozoeleka katika mwezi wa joto kuliko yote, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, matumbawe huanza kupauka. Hilo liliikumba Bahari ya Hindi mwaka 1998, na miamba mingi ya Kenya, Tanzania na visiwa vya jirani ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake.

Namba ya kushika

Kwa tangi la nyumbani lenye samaki na matumbawe, lengo linalofaa ni kati ya nyuzi joto 25 na 27 za Sentigredi. Muhimu kuliko namba yenyewe ni utulivu. Tangi linalokaa kwenye 27 mchana na usiku ni salama kuliko linalolala 24 na kufika 29 alasiri.

Mzazi anaweza kuuliza: mbona bahari ya Dar es Salaam hufika nyuzi 29 mwezi Machi na samaki wapo? Ni kweli. Wakati wa kusi, kati ya Julai na Septemba, maji ya pwani hushuka hadi karibu nyuzi 25, na mwishoni mwa kaskazi hupanda hadi karibu 29. Lakini safari hiyo huchukua miezi. Bahari ni kubwa, ina kina na mikondo, na mawimbi huichanganya na hewa usiku na mchana. Tangi la lita 200 linaweza kusafiri umbali huo huo kati ya asubuhi na alasiri.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya samaki, ni kipimajoto. Cha kidijitali kinafaa, na ni vyema kuwa na viwili ili kimoja kikidanganya kingine kiseme. Epuka vya kioo vyenye zebaki. Kikivunjika majini huwa ni sumu kwa samaki na hatari kwa mtoto anayeokota vipande.

Soma joto mara tatu kwa siku, kwa saa zile zile: saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 4 usiku. Andika kwenye daftari. Baada ya wiki mbili, daftari hilo litakueleza tabia ya tangi lako.

Joto linatoka wapi?

Hewa ya chumba ni chanzo kimoja tu. Jua la dirishani, taa, pampu, na kabati lililofungwa chini ya tangi vyote huongeza joto. Taa na pampu zenye jumla ya wati 100, zikiacha joto lake lote ndani ya tangi la lita 200, hupandisha maji nyuzi moja kwa muda unaozidi kidogo saa mbili.

Hatua za kwanza hazigharimu chochote. Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na ukuta wa jikoni. Badala ya kuwasha taa saa sita mchana, ziwashe kuanzia saa tisa au kumi alasiri hadi usiku. Matumbawe yanahitaji saa zake za mwanga, lakini si lazima ziangukie wakati nyumba inachemka. Familia nayo hufaidi, kwa sababu huwa nyumbani jioni.

Acha milango ya kabati wazi ili hewa ya moto itoke. Badala ya kifuniko cha kioo, tumia wavu mwepesi. Wavu huruhusu hewa kupita na bado huwazuia samaki kuruka nje na mikono midogo kuingia ndani.

Somo la mtungi wa bibi

Hatua inayofuata ni feni dogo linalopuliza juu ya uso wa maji. Hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya mtungi wa udongo. Maji hupenya taratibu kwenye ukuta wa mtungi, yanageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto. Yanayobaki ndani hupoa.

Nguvu yake si ndogo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoa joto linalotosha kushusha tangi la lita 200 kwa karibu nyuzi tatu, kama hakuna joto jingine linaloingia. Katika nyumba halisi joto linaendelea kuingia, kwa hiyo feni hushusha nyuzi moja hadi tatu hivi. Kama mtungi, hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma kwenye hewa kavu kuliko pwani kwenye unyevu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki. Tangi la lita 200 likipoteza lita tano, chumvi yake hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 36. Mzazi akiona maji yamepungua na kujazia maji ya chumvi, anaongeza chumvi juu ya chumvi. Kinachotakiwa ni kujazia maji safi yasiyo na chumvi wala klorini, kidogo kidogo kila siku, hadi kwenye alama iliyochorwa kwenye kioo.

Feni likishindwa, inabaki mashine ya kupoza maji, ambayo mafundi huiita chila. Hufanya kazi kama friji: hutoa joto ndani ya maji na kulimwaga chumbani. Ikiwekwa ndani ya kabati lililofungwa, huvuta tena joto lake yenyewe, hivyo iwekwe penye hewa.

Kabla ya kuinunua, piga hesabu ya umeme. Chila ya wati 250 ikifanya kazi saa 10 kwa siku hutumia uniti mbili na nusu. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 75. Jumlisha pampu na taa, kisha uitazame bajeti ya nyumba. Si aibu kugundua kuwa haiwezekani. Afadhali ugundue sasa kuliko baada ya mtoto kuwapa samaki majina.

Umeme ukikatika

Umeme unapokatika, pampu husimama, na hatari ya kwanza ni oksijeni. Joto hupanda polepole, lakini hewa inaweza kwisha ndani ya saa chache, hasa kwenye tangi lenye samaki wengi. Fuata mpangilio huu:

Kwanza, rudisha hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inapaswa kukaa droo moja na tochi. Kama huna, chota maji kwa kikombe safi na uyamimine tena kutoka juu, dakika chache kila mara. Mtoto mkubwa anaweza kusaidia mzazi akiwa karibu.

Pili, usilishe. Samaki mwenye afya anaweza kukaa siku nzima bila chakula na asidhurike.

Tatu, fungua kifuniko na mpepee maji. Kipepeo cha jikoni kinatosha.

Nne, kama joto limevuka 28 na linaendelea kupanda, tumia barafu iliyo ndani ya chupa iliyofungwa. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyoganda, ikielea katika tangi la lita 200, hushusha joto kwa chini kidogo ya nyuzi moja. Weka moja, subiri iyeyuke, pima, ndipo uamue kuhusu nyingine. Usimwage barafu moja kwa moja ndani ya maji. Itapunguza chumvi, na kama imetengenezwa kwa maji ya bomba huenda ina klorini. Kushusha joto ghafla nako huumiza.

Wenye inveta waitumie kwanza kwa pampu ya kuzungusha maji, ambayo hula umeme kidogo sana kuliko chila.

Arusha, Mbeya na Nairobi: tatizo ni baridi

Kwa familia za nyanda za juu, mambo hugeuka. Usiku wa Julai sebule hupoa sana, na maji yasiyo na hita hushuka chini ya nyuzi 20. Huko hita ni lazima, na kanuni ya kuanzia ni takriban wati moja kwa kila lita ya maji.

Badala ya hita moja ya wati 200, ni salama zaidi kuweka mbili za wati 100. Hita zina kawaida mbaya: swichi yake ya ndani ikiharibika, inaweza kuganda ikiwa imewaka. Ya wati 200 iliyoganda inaweza kupandisha tangi la lita 200 karibu nyuzi moja kwa saa. Familia ikilala saa nne na kuamka saa kumi na mbili, inakuta samaki wameiva. Ya wati 100 ikiganda huchukua muda mrefu zaidi kuleta madhara, na ikizima kabisa, mwenzake bado yupo.

Ulinzi wa ziada ni kidhibiti joto cha nje, kifaa kidogo chenye kipimo chake majini, ambacho hukata umeme wa hita joto linapovuka ulichopanga. Hita izimwe na kuachwa ipoe kwa dakika 15 kabla ya kutolewa majini au kupunguza maji. Kioo chake kikiwa cha moto na kikakutana na hewa, hupasuka.

Usalama wa mtoto kwanza

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, na tangi hili lina hita, pampu, feni na taa. Kanuni ya nyumba iwe moja: hakuna mkono unaoingia majini kabla vifaa havijachomolewa, wa mtoto wala wa baba. Soketi ziwe juu ya sakafu na pembeni ya tangi, si chini yake. Kila waya uning'inie na kupinda chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Fundi aweke kifaa kinachokata umeme unapovuja, na ahakikishe nyumba ina ethi inayofanya kazi.

Zipo pia hatari za kiafya ambazo wauzaji wengi hawazitaji. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huishi kwenye maji ya uvuguvugu ya matangi na huingia kupitia mchubuko. Huleta uvimbe au kidonda mkononi kisichopona kwa wiki nyingi. Mwenye jeraha avae glavu, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kugusa maji. Usivute maji ya mpira kwa mdomo. Ukipata kidonda kisichopona, mwambie daktari kuwa unafuga samaki. Bila taarifa hiyo, ni rahisi kukidhania kitu kingine.

Hatari nyingine inahusu maji ya moto. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya rangi, yaitwayo zoanthidi, hubeba sumu kali sana inayoitwa palitoksini. Kuchemsha mawe ya tangi au kuyasugua kwa maji ya moto kunaweza kuirusha sumu hiyo hewani. Mwaka 2018, familia moja ya Oxfordshire nchini Uingereza ilipelekwa hospitali baada ya sumu hiyo kusambaa nyumbani wakati wa kusafisha tangi. Waokoaji waliofika nao walihitaji uangalizi.

Kwa hiyo mawe ya tangi hayachemshwi kamwe. Mtu akianza kukohoa, kubanwa kifua, kuwashwa macho au kupata homa baada ya kugusa matumbawe, wote watoke nje ya chumba na aende hospitali haraka.

Na mtoto asifundishwe kuchukua tumbawe ufukweni. Matumbawe magumu yote yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kabla ya kununua chochote, uliza kimetoka wapi, na uthibitishe na ofisi ya uvuvi.

Jaribio la ndoo

Kuna njia rahisi ya kujua kama nyumba yako inafaa, na haihitaji samaki hata mmoja. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji, ifunike kwa wavu na uiweke pale pale unapotaka tangi likae. Kama kuna mtoto anayetambaa, iinue juu ya meza imara. Ndoo isiachwe sakafuni.

Tumbukiza kipimajoto. Kwa wiki mbili, mpe mtoto kazi ya kusoma na kuandika joto asubuhi, alasiri na usiku. Kwa wakazi wa pwani, fanyeni hivyo kati ya Desemba na Machi. Ndoo iliyopimwa Julai itawadanganya. Maji kidogo hubadilika haraka kuliko mengi, lakini ndoo haina taa wala pampu za kuongeza joto. Wastani wa wiki mbili utakupa picha ya kweli.

Ndoo ikikaa kati ya 25 na 28, feni na mpangilio mzuri wa taa vinaweza kutosha. Ikifika 30 au 31 kila alasiri, tangi la matumbawe katika sebule hiyo linahitaji chila au kiyoyozi, pamoja na umeme wa akiba. Kama bajeti haivibebi, jibu la upendo ni hapana.

Hapana hiyo haimalizi safari. Wapo samaki wa maji yasiyo na chumvi wanaovumilia joto la sebule vizuri zaidi, na wapo samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ambao hawahitaji matumbawe. Kwa wanaoweza kufika Zanzibar, hifadhi ya kisiwa cha Chumbe hupokea wanafunzi na kuwaonyesha matumbawe yakiwa nyumbani kwake.

Vyovyote itakavyokuwa, daftari la wiki mbili halipotei bure. Mtoto aliyeandika namba mara tatu kwa siku, siku 14, bila kukumbushwa, ameonyesha kuwa anaweza kumtunza kiumbe. Aliyeacha siku ya nne naye amewapa wazazi jibu, na hakuna samaki aliyekufa ili jibu hilo lipatikane.